85 au 135 kwa picha za watu: pima chumba kwanza

Mkuu, umeuliza uchukue lenzi ya Canon EF 85mm f/1.8 au 135mm f/2L kwa kamera yako ya sensa ndogo, kwa kazi za studio na harusi. Nimezitumia zote kwa miaka. Chukua 85.

Sababu kubwa ni nafasi. Sensa yako inabana picha mara 1.6, kwa hiyo 85 kwako inaona kama 136 ya fulu fremu (kamera ya sensa kubwa), na 135 inakuwa 216. Kwa kichwa na mabega, 85 itakurudisha nyuma karibu mita 2.7. Mtu mzima kuanzia kilemba hadi viatu anataka mita 7 na ushee, na hapo bado hujamsogeza mbali na pazia. Kwa 135 ni mita 12. Studio zetu nyingi ni fremu moja ya duka, mita 12 utazitoa wapi? Chukua futi kamba, pima kutoka pazia hadi mlangoni kabla hujatoa hela.

Wengi husema lenzi ndefu hupendezesha uso. Kinachoupendezesha ni umbali. Ukimpiga mtu kwa nusu mita, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, ndiyo maana inavimba. Ukirudi mita mbili au tatu, inakaa mahali pake.

Usiishi kwenye f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Kwa mita 2.7, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 7 tu. Mteja akigeuza uso kidogo, jicho la mbele linakuwa kali na la nyuma limeshalegea. Tena bibi harusi akisimama dirishani, ukingo wa shela lake jeupe unatoa mstari wa zambarau. Funga hadi f/2.8, yote mawili yanatulia. 85 haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/160 ya sekunde.

135 ni lenzi tamu mno, hasa nje jioni kwenye fulu fremu. Ila ina gramu 750 dhidi ya 425, na harusi zetu zinakesha.

Ukinunua ya mtumba, hasa iliyokaa Pwani, mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi na uchungulie mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hilo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.