Kabla ya kulipia kozi ya GED, pita maktaba

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Texas, swali halikauki: nani anajua kozi nzuri ya GED, mtihani wa Marekani unaohesabika kama cheti cha kumaliza sekondari, na ni dola ngapi? Mimi jibu langu ni lile lile. Kabla hujatoa kadi ya benki, toa kadi ya maktaba.

Kadi hiyo ni bure kwa mkazi wa mji. Unakwenda maktaba ya umma na kitambulisho, pamoja na karatasi yenye anwani yako, kama bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Namba iliyo kwenye kadi na namba yako ya siri ndizo zitakazokufungulia masomo ya mtandaoni yaliyolipiwa na maktaba ukiwa nyumbani, hata usiku wa manane ukitoka shifti. Ila ingia kupitia tovuti ya maktaba. Ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni yenye masomo, huenda ukakwama au ukaambiwa ulipe, na wengi huishia hapo wakidhani tumewadanganya.

Mimi nilitumia LearningExpress, mojawapo ya tovuti hizo za masomo. Humo mna mazoezi ya GED, ya uraia, ya unesi, hata ya kuingia jeshini. Ukishaingia, jisajili kwa jina lako. Kadi inakupitisha mlangoni tu, haikumbuki uliishia swali la ngapi. Halafu usikimbilie alama. Sisi tunapenda sana kutumiana picha za alama! Soma maelezo ya kila jibu, hata la swali ulilopata, kwa sababu mara nyingine umepata kwa bahati.

GED ina sehemu nne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila sehemu unahitaji alama 145 kati ya 200, na si lazima uzifanye zote siku moja. Sasa hesabu. Kwa sisi tuliosoma Kongo, au kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa mtaala wa Kongo, kinachotuangusha mara nyingi si hesabu yenyewe, ni namna inavyoandikwa. Kwetu 1,250 ni moja na robo. Hapa ni elfu moja mia mbili na hamsini, na moja na robo inaandikwa kwa nukta. Mtu anajua kabisa kanuni ya eneo, lakini jibu lake linakwenda pembeni kwa sababu ya mkato. Ongeza inchi, futi, pauni na galoni kwa watu waliokulia kwenye mita na kilo. Kwa hiyo wiki za mwanzo fanya mazoezi ya vipimo tu, mpaka ujue bila kufikiri kwamba futi ni inchi 12. Aljebra itakusubiri.

Tena, maswali matano ya kwanza ya hesabu hufanywa bila kikokotoo. Baada ya hapo unapewa kikokotoo cha TI-30XS kwenye skrini, na vitufe vyake vya sehemu, kama nusu na robo, vinataka mazoea. Kuna pia insha ya dakika 45 kwenye sehemu ya lugha, na unaichapa kwa kompyuta. Asiyezoea kibodi akae kwenye kompyuta za maktaba, si kwenye simu. Mtihani hauna Kiswahili. Ni Kiingereza au Kihispania. Baadhi ya maktaba zina Brainfuse, ambako mwalimu anakusaidia moja kwa moja na unaweza kumtumia insha akupe maoni. Ulizia.

Wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani waangalie toleo. Aliyetuma ombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anasomea orodha ya maswali 128. Anaulizwa hadi 20 na anatakiwa kupata 12. Wa kabla ya hapo ni orodha ya 100, anaulizwa hadi 10, apate 6. Mazoezi ya zamani bado yamejaa kila mahali, kwa hiyo orodha ichukue kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ambako ni bure, kisha jipime maktaba.

Maktaba haikupi cheti cha GED, na ada ya mtihani utalipa mwenyewe. Kuna kitu kimoja kingine ambacho nakubali kukilipia: GED Ready, jaribio rasmi linalopatikana kwenye tovuti ya GED wenyewe, linalokuonyesha kama umeiva. Lifanye mwishoni, mazoezi ya bure yakishakuchosha.

Na zungumza na wakutubi. Mara nyingine kampuni huipa maktaba programu mpya kwa majaribio ya muda, na maktaba huangalia watu wameitumia kiasi gani kabla ya kuilipia. Ikikufaa, waambie. Ikiwa ngumu kwa mtu anayejifunza Kiingereza, waambie hilo pia, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga.