Kusoma Uchumi Ujerumani: Jibu kwa Wadogo Zangu Waliomaliza Kidato cha Sita

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, simu yangu hujaa maswali yanayofanana kutoka nyumbani Tanzania: je, ni kweli kwamba chuo kikuu cha Ujerumani hakitozi ada, je, uchumi unafundishwa kwa Kiingereza, je, mzazi akijikaza mwaka wa kwanza, mtoto ataweza kujilipia mwenyewe miaka inayofuata? Safari hii mpwa wangu aliyesoma HGE (historia, jiografia na uchumi) ameniomba nimweleze ukweli mtupu, na kwa kuwa wenzake wanangoja jibu hilohilo, ninawaandikia wote kwa pamoja, pamoja na wazazi wenu, ambao ninawasalimu kwa heshima kabla ya kuendelea.

Ada kweli haipo katika vyuo vikuu vingi vya umma, na hapa Bonn nilikosomea shahada yangu ya kwanza tulikuwa tunalipa mchango wa mhula tu, takribani euro 300, ambao ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni. Wapo wanaotoza. Jimbo la Baden-Württemberg, ambamo kimo Chuo Kikuu cha Mannheim chenye sifa kubwa sana katika uchumi, limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa mhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kilianza kuwatoza wageni wapya mwaka 2024. Hata hivyo, anayewaambia kwamba kusoma Ujerumani ni bure anawapa nusu ya habari. Kabla ya kupata viza ni lazima uoneshe kwamba unazo fedha za kuishi mwaka mzima, na kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu inayokuruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kutoka humo utalipa chumba, ambacho hata kwenye bweni la wanafunzi huchukua euro 300 hadi 400, na bima ya afya ya lazima inayozidi euro 120 kila mwezi, halafu chakula, vitabu na nguo za baridi. Fedha hizo zinatosha kwa mtu makini, lakini hazibakizi kitu cha kutuma nyumbani, na ninaomba wazazi walielewe jambo hilo mapema.

Pamoja na hayo yote, sijaona kwamba fedha ndizo zinazowaangusha wengi wanaosoma uchumi. Nimewaona wenzetu kutoka Afrika Mashariki wakiishia njiani wakiwa na fedha mfukoni, na kilichowashinda kilikuwa lugha au hisabati, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Lugha nitaieleza kwa ufupi. Shahada ya kwanza ya uchumi katika vyuo vya umma hufundishwa kwa Kijerumani, isipokuwa programu chache, na nyingi za Kiingereza ziko katika vyuo binafsi vinavyotoza ada kubwa. Chuo hudai cheti cha Kijerumani cha kiwango cha juu, kama vile TestDaF yenye daraja la nne katika kila sehemu, au mtihani wa DSH wa daraja la pili. Ukianza sifuri katika Goethe-Institut ya Dar es Salaam, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, na kuendelea huku bila kupumzika, bado utahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tena, yule ambaye cheti chake cha sekondari hakikubaliwi kuwa sawa na cha Wajerumani hupitia kwanza chuo cha maandalizi kinachoitwa Studienkolleg, kwa kawaida kwa mihula miwili, akiwa katika mkondo wa W uliotengwa kwa ajili ya uchumi na sayansi za jamii. Mimi nilipitia huko, na ninaushukuru mwaka ule kuliko mwingine wowote, kwa sababu ndipo nilipofundishwa hisabati upya.

Sasa nije kwenye hisabati, maana hapa ndipo mpwa wangu anapaswa kusoma polepole. Nyumbani, uchumi wa Kidato cha Tano na cha Sita ni somo la insha. Tunaeleza sababu za mfumuko wa bei, tunataja matatizo ya kilimo, tunachora mstari wa mahitaji na mstari wa ugavi, na mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri na mwandiko unaosomeka anaweza kupata A. Aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) alisoma hisabati ya juu sambamba na uchumi, lakini wa HGE na wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) walisoma BAM tu, yaani hisabati tumizi ya msingi, na wengi wao waliichukulia kama somo la kupita. Mtu huyo akiingia kwenye ukumbi wa mihadhara hapa atakuta kwamba insha hakuna. Muhula wa kwanza kuna hisabati, takwimu na misingi ya uchumi. Baadaye huja nadharia ya uchumi wa mtu mmojammoja na wa kampuni, uchumi wa taifa, kisha ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ambayo bila matriki na nadharia ya uwezekano haisomeki kabisa. Bonn ni mji ambamo Reinhard Selten, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994 pamoja na John Nash na John Harsanyi kwa kazi yao juu ya nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya watu wanaotegemeana, alifanya kazi kwa miaka mingi, na idara yake imebaki kuwa mahali ambapo hoja isiyoandikwa kwa hisabati haihesabiwi kuwa imekamilika.

Nitawapa mfano halisi wa karatasi ya mazoezi tuliyokuwa tukipewa kila wiki. Mtumiaji ana kipato fulani na anagawa matumizi yake kati ya bidhaa mbili zenye bei zinazojulikana, na ridhiko analolipata limeandikwa kama fomula. Sehemu ya kwanza inataka utafute mgawanyo utakaomridhisha zaidi, kwa njia ya Lagrange, ambapo unaunganisha fomula ya ridhiko na ukomo wa bajeti, unatumia kalkulasi, na unapata kwamba mtu huyu atatumia sehemu ileile ya kipato chake kwa kila bidhaa, hata bei zikibadilika. Sehemu ya pili inasema serikali inatoza kodi kwa kila kilo ya bidhaa ya kwanza. Sehemu ya tatu inauliza kama maumivu ya mtumiaji yangepungua iwapo serikali ingemkata kiasi kilekile cha fedha moja kwa moja kutoka kwenye kipato chake, bila kugusa bei. Jibu ni ndiyo, na unatakiwa kulithibitisha, kwa sababu kodi ya kilo, mbali na kuchukua fedha, humsukuma pia kuacha bidhaa ambayo angependelea kuinunua.

Nilipoimaliza karatasi ile nilikumbuka kwamba Ujerumani hutoza kodi maalumu ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Mimi ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Karagwe. Tangu utotoni nimesikia wazee wakijadili kwa nini bei ya kahawa shambani ni ndogo huku Ulaya ni ghali, na lawama zote zikienda kwa mchuuzi na chama cha ushirika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na namna ya kuuliza swali hilo kwa mpangilio: kodi hii inabebwa na nani, mnywaji wa Bonn, mkaangaji wa Hamburg, au mkulima wetu? Jibu hutegemea ni nani anayeweza kubadilisha uamuzi wake kwa urahisi zaidi bei inapobadilika, na mkulima ambaye mibuni yake ilichukua miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa si mtu anayeweza kubadilika upesi. Siwezi kuwaeleza vya kutosha furaha niliyoipata siku ile. Ndiyo sababu ninaupenda uchumi, na ndiyo sababu sitaki mtu aliyezoea insha adanganywe kwamba atafika kwenye furaha hiyo bila kupita kwenye hesabu.

Mtihani nao una taratibu zake. Kazi za kila wiki aghalabu hazikupi alama za mwisho, kwa hiyo somo zima huamuliwa kwa karatasi moja ya dakika 60 au 90 mwishoni mwa mhula. Alama bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, nanyi mtakaopokea picha za matokeo kwenye simu mlikumbuke hilo kabla ya kumsikitikia mtoto. Katika vyuo vingi, ukishindwa somo la lazima mara tatu unafutwa katika programu hiyo, na kwa kawaida huruhusiwi tena kusoma shahada ileile katika chuo kingine chochote cha Ujerumani. Kwa mgeni jambo hilo huenda mbali zaidi, kwa kuwa kibali cha kuishi kimefungwa kwenye masomo hayohayo.

Hapo ndipo suala la kazi linapoingia. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kweli kujilipia, na mimi nilijilipia kuanzia mwaka wa pili, nikipanga bidhaa ghalani jioni. Lakini masaa ya ghalani yanatoka kwenye masaa ya karatasi za mazoezi. Shahada ina krediti 180, na kila krediti imekadiriwa kuwa masaa 25 hadi 30 ya kazi, maana yake mhula mmoja wa krediti 30 ni kazi ya kutwa kamili hata kabla hujafungua mlango wa ghala. Wengi niliowaona wakifutwa walikuwa na akili nzuri, ila walikuwa wakifika kwenye mtihani wa takwimu wakitoka zamu ya usiku, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mdogo anayesubiri karo. Wazazi, mkimtuma mtoto huku kusoma uchumi, mwacheni asome miaka miwili ya mwanzo bila kumtegemea kwa fedha.

Mmeniuliza pia kama elimu hii itawasaidia kuielewa nchi yetu, au inahusu Ulaya tu. Mifano mingi darasani ni ya Benki Kuu ya Ulaya, ya bima ya ukosefu wa ajira na ya mfumuko wa bei wa Ujerumani wa mwaka 1923, na inakuchosha usipopata pa kuishikiza. Hata hivyo, katika semina ya mwaka wa tatu tulisoma mstari kwa mstari utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016, ambao ulikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini. Wenzangu walishangazwa na namba. Mimi nilivutwa na swali la mwalimu: wamejuaje kwamba ni M-Pesa, na si barabara mpya au mwaka mzuri wa mvua? Tulitumia wiki kadhaa kufuatilia jinsi watafiti walivyolinganisha kaya ambazo mawakala waliongezeka karibu nazo na zile ambazo hawakuongezeka sana, na tukasoma pia wakosoaji wao. Mimi niliyekuwa nimeona kwa macho yangu wakala wa kwanza akifungua kibanda kijijini kwetu nilikuwa na la kuchangia ambalo hakuna mwingine mezani aliyekuwa nalo, na nilisikilizwa.

Basi ushauri wangu unafuata tahasusi yako. Ukiwa na EGM au PCM (fizikia, kemia na hisabati), unapenda hesabu, na familia inaweza kukubeba miaka miwili ya lugha na maandalizi pamoja na miaka miwili ya mwanzo chuoni, njoo. Ukiwa na HGE au ECA, mimi ningekuwa wewe ningesoma shahada ya kwanza nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe, nikichagua kila somo la hisabati na takwimu ninaloruhusiwa, kisha ningeomba shahada ya umahiri huku, ambako programu za uchumi kwa Kiingereza ni nyingi na mtu huja akiwa amekomaa. Mpwa wangu, najua si jibu ulilolitaka. Kama bado moyo uko huku, tafuta kitabu cha hisabati ya juu cha Kidato cha Tano, kisome hadi Desemba ukifanya mazoezi yake yote, halafu tuzungumze tena.

Kwa baba aliyeniuliza kama auze kiwanja cha Kibaha ili kujaza ile akaunti, jibu langu ni hapana, mzee wangu, angalau si kabla kijana hajapata cheti cha lugha cha kiwango cha B2, ngazi ya nne kati ya sita. Kozi ya lugha inaweza kuanzia hapohapo Dar es Salaam kwa gharama ndogo zaidi, na akishindwa kuivumilia huko, kiwanja kitakuwa bado chako.

Swali la kurudi mmeniuliza kwa upole, nami nalijibu waziwazi. Mhitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na mimi niliipata kazi ya uchambuzi wa takwimu ndani ya muda huo. Nimeshapeleka cheti changu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitambuliwe rasmi, kwa kuwa ninakusudia kuomba nafasi nyumbani, na kazi ninayoitaka ni ile ya takwimu za kilimo. Sijaipata bado, na mpaka nitakapoipata nitabaki huku nikifanya kazi.