Jarida la ndege kwa Kiswahili: jibu langu kwa kijana wa Changamwe

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Changamwe. Amekua akisikia ndege zikipita juu ya paa lao kwenda kutua Port Reitz, uliko Uwanja wa Ndege wa Moi wa Mombasa, sasa anataka kuanzisha jarida la usafiri wa anga kwa Kiswahili, na kila anayemweleza humcheka. Ameniandikia kwa kuwa amesikia nakala za toleo la kwanza la jarida letu la ndege zimekwisha. Namjibu hapa ili na wengine wenye hamu hiyo wafaidike.

Ndugu yangu, hata mimi nilichekwa. Nilikwenda Nairobi kutafuta matangazo, nikakalishwa kwenye ofisi ya kampuni moja ya ndege tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Bwana aliyetoka kuniona alilipekua jarida langu la mfano akiwa wima, akanirudishia na kusema, "Wanaopanda ndege wanasoma Kiingereza." Neno hilo lingali laniuma. Mama anayemsindikiza bintiye Uwanja wa Moi kwenda kazini Doha, yeye hahusiki na ndege? Fundi anayekesha chini ya bawa, mpakiaji mizigo, mlinzi wa lango, dereva wa teksi, wote hao huzungumza habari za ndege kutwa kucha, na huzizungumza kwa Kiswahili. Ni wengi, nao walikuwa hawajaandikiwa kitu.

Makala iliyotuuzia toleo la kwanza haikuhusu ndege mpya wala mkubwa yeyote. Ilieleza kwa nini kuna miezi ndege hutua Mombasa zikielekea upande huu, na miezi mingine upande ule. Njia kuu ya kurukia imeandikwa 03 mwanzo mmoja na 21 mwanzo wa pili. Ni vipimo vya dira, takriban digrii 30 na 210, vilivyoondolewa tarakimu ya mwisho. Rubani hupenda kutua akiukabili upepo, maana ndege hugusa ardhi kwa kasi ndogo na kusimama mapema. Kwa hiyo kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, mara nyingi hutumika 21, ndege zikielekea kusini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikirudi, 03. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha mstaafu, alinipigia simu usiku: "Kumbe nanyi mwautegemea upepo wetu!" Simu ile ilinipa nguvu kuliko tangazo lolote.

Basi andika ya hapa. Taarifa za makampuni kila mtu anazipata kwenye simu yake. Nenda kwa wazee waliofanya kazi East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika na Zanzibar lililoanza 1946 na kuvunjika 1977, mwaka ambao Kenya Airways ilizaliwa. Wangali hai baadhi yao, na wanakumbuka mengi. Tukingoja, tutawazika na habari zao, na lawama itakuwa yetu sisi tuliokuwa na kalamu.

Kuhusu usajili sitasema mengi, ni foleni tu. Ila dhamana iweke akilini mapema: mwaka 2002 Sheria ya Vitabu na Magazeti ilipandishwa makali, dhamana ya mchapishaji ikatoka shilingi 10,000 hadi milioni 1, na inataka wadhamini. Kurasa nazo zipange kwa mafungu ya nne kama jarida litapigwa pini, la sivyo utalipia kurasa tupu.

Matangazo usianze kwa wakubwa. Waliotulipa ni mawakala wa mizigo na wenye hoteli ndogo, watu wanaojua thamani ya kuonekana na wateja wao. Jalada la nyuma ndilo ghali zaidi. Liuze kwanza, na pesa iingie kabla mashine haijawashwa. Ahadi ya mdomo haimlipi mpiga chapa.

Na kabla ya toleo la kwanza kwenda kiwandani, uwe na makala za toleo la pili zimekamilika na za toleo la tatu zimeanzwa. Msomaji aliyekupenda mara moja atakuulizia mwezi unaofuata, wala hatataka kusikia udhuru. Anza na hao mafundi majirani zako hapo Changamwe. Ukimaliza makala ya kwanza nitumie, nitaihariri mwenyewe.