Kabla hujaandika "hakuna"

Ukichimba shimo kutafuta mabaki ya watu wa kale ukatoka mikono mitupu, usikimbilie kuandika kwamba hapo hapakukaliwa na watu. Jiulize kwanza: kama walikaa, wangeacha nini, na hicho walichoacha kingedumu kwenye udongo huu?

Pwani yetu inalijua swali hili vizuri. Kwa miaka mingi wachimbaji walifuata mawe: misikiti, majumba na makaburi ya Gedi na Kilwa. Nyumba za udongo hazikuonekana kwa sababu hazikutafutwa, na kutoonekana kwake kukaipa nguvu hoja kwamba miji hii ilianzishwa na wageni. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, akashuka chini ya msikiti wa mawe. Huko chini alikuta mabaki ya misikiti ya miti, wa kwanza ukiwa wa mwishoni mwa karne ya 8. Ushahidi wenyewe ni mashimo ya nguzo, yaani madoa ya udongo uliobadilika rangi kidogo tu. Ukikwangua kwa pupa, umeshayapita.

Kiambaza kilichoanguka nacho huonekana udongo mtupu. Vunja bonge taratibu, geuza upande wa ndani, tafuta michirizi ya fito. Ukiiona, umeshika ukuta wa nyumba ya mtu. Ushanga mdogo wa kioo hupita kwenye chekeche la matundu makubwa, na mbegu zilizoungua utazikosa usipotia udongo majini zikaelea.

Lakini kukosa kitu wakati mwingine ni ushahidi kamili, na hapa wengi wanaogopa bila sababu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya mbegu kutoka maeneo 18 ya kale. Bara, yaani Afrika Mashariki yenyewe, na visiwa vya karibu vilitoa zaidi mtama, uwele na kunde. Komoro na Madagaska zikatoa mpunga na choroko. Kwa kuwa uwele ulioungua ulidumu na ukapatikana, uchache wa mpunga bara hauwezi kulaumiwa udongo wala chekeche. Mimi naiamini hoja ya namna hiyo.

Kwa hiyo daftarini usiishie kwenye "hakuna mpunga". Andika umetia majini lita ngapi za udongo, matundu ya chekeche yana milimita ngapi, na kama shimo lilifika udongo usioguswa na binadamu au mliacha njiani kwa sababu ya mvua.