Kabla hujasema fangasi hizi mbili zinatofautiana

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa magonjwa ya kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri hapa Dodoma, mtu akipewa mada ya "utofauti wa vimelea", utofauti ataupata tu, hata asipoutafuta. Kazi iko kwenye kujua upi ni wa fangasi yenyewe na upi umetengenezwa na mikono yake pale maabara.

Majina kwanza. Doa la kahawia au jeusi lenye miduara ndani ya miduara ni fangasi Alternaria, sawa, lakini ipi? Alternaria brassicicola ina spora (chembe zake za kuzaliana) fupi zisizo na mkia wa maana, zimeshikana kama tasbihi, na ukiiotesha kwenye sahani ya maabara huwa nyeusi upesi. Alternaria brassicae ina spora ndefu zenye mkia mrefu, inakua polepole, na kwenye agari ya viazi, yaani jeli ya kuoteshea fangasi, ni bahili wa spora kwelikweli. Hizo ni spishi mbili. Ukizichanganya kwenye jedwali moja ukaita "utofauti", msimamizi wako atakurudisha mwanzo.

Unjano wenye umbo la V unaoanzia ukingoni mwa jani, na mishipa imekuwa myeusi, si fangasi kabisa, ni bakteria Xanthomonas. Kata kipande kidogo, kiweke kwenye tone la maji chini ya hadubini, utawaona wakimiminika. Na kutu nyeupe ya Albugo usihangaike kuiotesha: si fangasi halisi, tena haioti kwenye agari, inataka jani hai.

Mkienda bustanini, tuseme za umwagiliaji kule Hombolo, chukueni bahasha za karatasi. Jani lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki juani litafika limeoza, na utakachootesha ni wale wala mizoga waliodandia njiani. Amkia wenyeji, kaa kidogo, halafu uliza: mbegu ni ya aina gani, imenunuliwa wapi, umepuliza dawa gani na lini, unamwagilia saa ngapi. Swali la mwisho wengi wanalipuuza. Kiangazi mtu akinyeshea kwa keni jioni, jani hulala limelowa usiku kucha, na spora za Alternaria hazihitaji zaidi ya hapo kuingia.

Sasa, spora moja. Hapa siwaachii hata hatua. Doa moja linaweza kubeba zaidi ya fangasi moja, kwa hiyo donge la utando ulilohamisha kwa sindano halikuambii umeshika nani. Tandaza spora chache kwenye agari ya maji jioni. Asubuhi ziangalie kwa hadubini: zilizoota zimetoa vijiti vyembamba pembeni. Tafuta moja iliyokaa mbali na wenzake, kata kijipande chake cha agari, kihamishe. Inachosha macho na shingo, lakini bila hiyo huna haki ya kuita kitu aisoleti, yaani fangasi mmoja aliyetengwa peke yake.

Halafu joto, na huu ndio mtego wa mji wetu. A. brassicae inapenda baridi kiasi, nyuzi 18 hadi 24 hivi, A. brassicicola inastawi kwenye 25 hadi 30. Chumba cha maabara Julai na chumba hichohicho Novemba ni nchi mbili. Aisoleti moja ukiipima ukuaji mezani katika miezi hiyo miwili, utaandika kwamba ni mbili. Zipimeni zote siku moja, kwenye agari ya pishi moja, ndani ya inkubeta (kabati la kutunza joto lisibadilike), na humo ndani muweke kipimajoto kinachotunza kiwango cha juu na cha chini, maana umeme ukikatika usiku inkubeta haisemi.

Ukali wa ugonjwa ndio unaomhusu mkulima, rangi ya sahani haimhusu. Pimeni kwenye majani ya nafasi moja kutoka miche ya umri mmoja, kwa sababu jani la chini lililozeeka huugua haraka kuliko changa, na kila jani, pembeni mwa tone la spora, liwe na tone la maji matupu la kulinganishia. Mfano ni kanola, zao la mafuta la ukoo wa kabichi: kule Australia, ile iliyotegemea jeni moja ya ukinzani dhidi ya fangasi Leptosphaeria maculans iliangushwa mwaka 2003, miaka michache tu tangu itoke. Fangasi wenye uwezo wa kuishinda walikuwemo tayari mashambani, wachache, wakazaliana kwenye mabua ya msimu uliopita na upepo ukawasambaza. Waliopima aisoleti chache za shamba moja wasingewaona.

Mbegu za miche ya majaribio zilowekwe kwanza kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kama ni kabichi, kwani Alternaria husafiri na mbegu. Na aisoleti mpya ihifadhi wiki hiyohiyo: acha ikue juu ya vipande vya karatasi ya chujio, vikaushe, viweke kwenye friji. Kila jaribio lianzie kwenye kipande hicho, kwa sababu fangasi inayohamishwa sahani hadi sahani hupungukiwa spora, na mwisho hata ukali.