Muulize Mama Deki: Sadako, Samara na babu wa watu

*Shikamoo Mama Deki. Hapa Makambako mimi na mdogo wangu tumebishana mpaka mama akatutoa sebuleni. Yeye anasema The Grudge ni ya Wajapani, mimi nasema ni ya Wamarekani, maana kwenye kava yupo Sarah Michelle Gellar. Naye kaja na ya kwake kwenye flashi: mwanamke yule yule anashuka ngazi kwa tumbo, mtoto mweupe yule yule, ila Wazungu hawamo. Nani kashinda? Na hao Wamarekani, na hela zote zile, kwa nini wasitunge mizimu yao?*
*Msomaji, Makambako*

Marahaba mwanangu. Mama alifanya vizuri kuwatoa, kwa sababu kila mmoja wenu ameshika filamu yake. Ya mdogo wako ni Ju-On ya mwaka 2002. Ya kwako ni ya 2004. Zote mbili zimeongozwa na mtu mmoja, Takashi Shimizu. Mwanamke wa kwenye ngazi ni Takako Fuji katika zote mbili, na mtoto ni Yuya Ozeki. Hata hiyo ya Wamarekani ilipigwa huko huko Japani. Wao walileta hela, takriban dola milioni 10, na sura ambazo watu wao wanazijua. Ikarudisha zaidi ya milioni 180.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mizimu yao wanayo tele. Ila mtazamaji wa kwao, wengi wao, hataki kusoma maandishi chini ya picha, kwa hiyo filamu nzuri ya nje inanunuliwa na kuchezwa upya kwa Kiingereza. Dalali mkubwa wa biashara hiyo alikuwa Roy Lee, Mmarekani mwenye wazazi wa Kikorea. Kazi yake ilikuwa kuzipeleka filamu za Asia mezani kwa wakubwa wa Hollywood. The Ring ilipotoka mwaka 2002 na kuingiza zaidi ya dola milioni 240, kila mtu akataka ya kwake. Ikaja Dark Water 2005, Pulse 2006, halafu mwaka 2008 peke yake zikamiminika One Missed Call, The Eye na Shutter. Hiyo Shutter inanichekesha mpaka leo. Hadithi ni ya Thailand, ya 2004. Wamarekani wakaichukua, wakamwajiri mwongozaji Mjapani, wakaihamishia Tokyo. Yaani mzimu wa Bangkok ukapewa pasi ya Japani ili Mmarekani auogope. Tafuteni ile ya Thailand. One Missed Call ya 2008 msiipotezee bando.

*Kamwene Mama Deki. Nasoma chuo hapa Iringa. Wenzangu wa hosteli wanasema Ringu ya Japani ndiyo filamu, The Ring ya Marekani ni mbwembwe tu. Nimeziona zote usiku mmoja, na kusema kweli ya Marekani ndiyo iliyonifanya nigeuzie TV ukutani. Nina kasoro?*
*Mwanachuo, Iringa*

Kamwene mwanangu. Huna kasoro, na wenzako waambie mimi ndiye niliyesema. Hadithi ya zote mbili ni moja: mkanda wa video wenye laana, anayeutazama anakufa, na nyuma yake kuna mzimu wa msichana wa kisimani, Sadako kwa Wajapani, Samara kwa Wamarekani. Gore Verbinski, aliyeongoza The Ring, alijua kutisha. Yule farasi anayeruka kutoka kwenye kivuko ni wake, kwenye Ringu hayumo. Na ile rangi ya kijani iliyofifia! Nilipoionyesha kwenye banda langu la video, Mwanjelwa, watu walinipigia kelele, "Mama Deki, rekebisha rangi!" TV nzima, mkanda mzima. Nikawaacha. Ilikuwa Julai, mnaijua Julai ya Mbeya, na baada ya muda hakuna aliyelalamika tena, wote wamejikunyata ndani ya makoti.

Ringu ya Hideo Nakata, ya 1998, ilinipa shida nyingine. Ilinibidi nimwite mtafsiri, na mtafsiri wa banda analipwa aongee. Mwanamke kasimama mbele ya simu, hasemi kitu, yeye anajaza: "Sasa dada anajiuliza, hii simu ya nani?" Filamu ile kazi yake yote iko kwenye kimya, kwa hiyo alinimalizia nusu ya utisho. Baadaye nikaja kuona kwamba Verbinski naye ana mtafsiri ndani yake. Kwenye Ringu, yule mume aliyeachana na Reiko, mama wa hadithi, ana kipaji, anamgusa mtu na kuona yaliyofichika, basi, twende. Kwenye The Ring lazima kuwe na hospitali ya wagonjwa wa akili, mikanda ya daktari, farasi waliougua, kila kitu na faili lake. Unamfahamu Samara vizuri kuliko jirani yako. Hilo kwangu ni dogo, ukichelewa usiku linakusaidia hata kupata usingizi.

Kubwa ni babu. Ambaye hajaziona aruke mpaka barua inayofuata.

Katika zote mbili, mifupa ya msichana inatolewa kisimani. Mimi ni mtu wa Rungwe. Kwetu marehemu akiwa na hasira, ndugu hukaa, kila mmoja akasema lililo moyoni, mambo ya mazishi yakafanywa inavyotakiwa, na amani ikarudi. Kwa hiyo mifupa ilipotoka, nusu ya banda walisimama waondoke, wengine wameshashika mlango. Ndipo TV ikawaka yenyewe. Waliosimama walikaa chini, wengine si kwenye viti.

Sasa sikiliza tofauti. Mama anagundua kwamba yeye amepona kwa sababu alinakili mkanda na kumwonyesha mtu mwingine. Mwanawe naye ameshautazama, lazima aufikishe kwa mtu. Kwa Wamarekani, mtoto anauliza: huyo tutakayemwonyesha itakuwaje? Mama kimya. Ni mtu baki, hana jina wala uso. Lakini Reiko wa Ringu anampigia simu baba yake mzazi. Anamwambia anakuja, ana ombi, ni kwa ajili ya Yoichi, mwanawe. Ombi lenyewe halitaji. Anaendesha gari kwenda kwa babu wa mtoto.

Bandani kwangu hapo palichimbika. Wapo waliosema mama yule ni mchawi kamili. Wapo waliosema mzee ameshakula chumvi yake, mtoto bado. Wakatoka nje wakiendelea, na mzee mmoja muuza viazi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Babu angekubali. Lakini aambiwe anachokubali." Sijawahi kusikia mjadala wa namna hiyo baada ya The Ring. Ile waliisifia, wakaenda kulala. Mtu baki hana wa kumlilia, na nadhani Hollywood ilimweka makusudi ili Naomi Watts, aliyemcheza mama huyo, abaki mama mzuri.

Kati ya hizo za kurudia, aliyebakiza undugu ni Walter Salles, Mbrazili, kwenye Dark Water. Alimhamishia New York mama anayepigania mtoto wake baada ya ndoa kuvunjika, na akamwacha alipe yeye mwenyewe. Watu waliilalamikia kwamba haitishi. Itazame ukiwa peke yako.

*Mama Deki, mwanangu wa miaka 9 alichungulia dirishani kaka zake wakitazama Ringu. Sasa hataki kuchota maji kisimani. Nifanyeje?*
*Baba, Mafinga*

Pole baba. Usimwambie mizimu haipo, hatakuamini, maana kaiona kwa macho yake. Mwonyeshe ilivyotengenezwa. Aliyecheza Sadako akitoka kisimani ni Rie Ino'o, mwenye mafunzo ya kabuki, mchezo wa jukwaani wa Wajapani. Walimtembeza kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, ndiyo maana viungo vyake vinakwenda vile. Nguo nyeupe ni sanda ya huko. Nywele zimeachwa kwa sababu zamani mwanamke alizifunga akiwa hai na kufunguliwa akifa. Jukwaani wamekuwa wakitisha watu hivyo tangu enzi za Oiwa, mke aliyepewa sumu katika mchezo wa mwaka 1825.

Chukua simu yako. Mwambie atembee kinyumenyume kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye mparachichi, umrekodi, halafu uicheze kwa kuirudisha nyuma. Programu za kufanya hivyo zipo za bure. Akishajiona mwenyewe atataka kurudia, na atawatisha dada zake wiki nzima, hilo livumilie. Kisimani nenda naye mchana, mchote wote. Hao kaka zake nao wafunge dirisha.