Mitambo ya mawasiliano ndani ya jengo la Mjerumani: anza na ukuta

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadhi ya majengo ya zama za Wajerumani katika miji hii ni ya miaka hiyohiyo. Kuta zake kwa kawaida ni nene, za mawe au tofali zilizounganishwa kwa chokaa. Ukikabidhiwa jengo la aina hiyo ufunge mitambo ya intaneti au betri za sola, fundi umeme asubiri. Ukuta kwanza.

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia lipu. Ukiufunika kwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, na chumvi inayobaki inasukuma lipu mpaka ibanduke vipande vipande. Chumvi hiyohiyo, pamoja na unyevu, hula viungio vya nyaya. Kwa hiyo bandua saruji taratibu kwa patasi, uache ukuta ukauke kiangazi chote, kisha upige lipu ya chokaa: ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa (iliyolowekwa maji) kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na linyunyiziwe maji siku kadhaa, maana likikauka haraka linapasuka. Fundi atataka kuongeza saruji kidogo ili ikamate upesi. Mkatalie kabisa.

Jengo likiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kibali kitangulie hata hiyo patasi.

Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya paipu, usichimbe mifereji. Skrubu ziingie kwenye chokaa iliyo kati ya tofali: hapo patazibika baadaye, lakini tofali la kale likipasuka limekwenda. Unapotoboa kupeleka waya nje, zima nyundo ya drili, iache izunguke tu, na tundu liiname kuelekea nje ili mvua isiingie.

Betri za asidi za volti 12, Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), zina uzito wa kilo 60 hivi kila moja. Zikiwa 8 ni karibu nusu tani juu ya eneo dogo, mzigo usiofaa kuwekwa kwenye sakafu ya mbao ya ghorofani. Ziweke chini, kwenye fremu ya chuma isiyoegemea ukuta, penye hewa, kwa sababu zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usidanganyike na ubaridi wa kuta nene. Mitambo hutoa joto usiku na mchana, na betri ikikaa nyuzi 35 badala ya 25 umri wake hupungua kama nusu. Basi kiyoyozi kitahitajika, na maji yake yaelekezwe mbali na msingi.

Radi za huku ni kali, kwa hiyo ethi, yaani waya na rodi za kupeleka umeme ardhini, isifanyiwe mzaha. Ipime Septemba, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha Machi kitakupa namba nzuri ya uongo. Lenga chini ya omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na ikizidi ongeza rodi. Rodi ya radi na ya mitambo ziunganishwe chini ya ardhi kwa shaba. Zikiachwa bila kuunganishwa, radi ikipiga, tofauti ya volti kati yake inapitia kwenye mitambo yako.